Topasi: mpiga mizinga aliyeishia chooni?

Kamusi za Kiswahili humweleza topasi kwa maneno machache tu: ni mtu ambaye kazi yake ni kusafisha vyoo na kuzoa kinyesi. Ni neno la enzi za vyoo vya ndoo, na vyoo hivyo vilipotoweka lenyewe likaanza kufifia. Siku hizi likisikika, mara nyingi ni la kudharaulia mtu.

Lifuate sasa kinyumenyume, uvuke nalo bahari hadi Bombay, Madras na Calicut za miaka 300 iliyopita. Huko utakuta watu wanaoitwa topasi, au topaz, au topass kwa jinsi Wazungu walivyoliandika, ambao hawashiki ufagio. Wanashika bunduki. Wengine wamesimama nyuma ya mizinga juu ya kuta za ngome, wanalipwa mshahara wa askari, wamevaa kofia na viatu, na wanajiita Wareno. Kwa zaidi ya karne moja sasa watunzi wa kamusi wamekuwa wakibishana kama jina lao lilitokana na neno la Kituruki *topçu*, yaani mpiga mizinga.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi Kiswahili kina jina la mpiga mizinga ambalo hakuna mpiga mizinga hata mmoja angekubali kuitwa. Mimi naona ni kweli nusu, na ile nusu nyingine ndiyo yenye habari zaidi. Ila lazima tuanzie mbali kidogo.

Kitu cha mviringo

Kwa Kituruki *top* ni tufe, kitu cha mviringo. Mizinga ilipoingia vitani, jina la lile tufe la jiwe au chuma likahamia kwenye silaha iliyolirusha, na halikuondoka kwenye mpira. Hadi leo mtoto wa Kituruki akililia *top* anataka mpira, na jeshi likinunua *top* limenunua mzinga. Ukiongeza kiambishi cha kutaja mtu kwa shughuli yake, ambacho irabu yake hubadilika kufuata irabu iliyotangulia, unapata *topçu*. Katika maongezi ya mitaani Uturuki neno hilohilo ni jina la mchezaji wa kandanda, kwa hiyo msemaji akitaja *topçu* inabidi usikilize kidogo kabla ya kujua kama ni habari za vita au za ligi.

Chini ya Waosmani, watawala wa zamani wa dola ya Kituruki, topçu hakuwa askari wa kuokotwa. Kufikia karne ya 15 dola yao ilikuwa na kikosi cha kudumu cha watu wa mizinga, wanaolipwa kutoka hazina ya sultani, wakati watawala wengi wa Ulaya walikuwa bado wanamkodi mpiga mizinga kama unavyomkodi seremala: fanya kazi, chukua chako, nenda. Na kazi yenyewe ilikuwa ya ufundi. Aliyeifanya alipaswa kujua baruti kiasi gani inatosha kwa tufe la uzito gani, kukisia umbali kwa macho, kusubiri chuma kipoe kabla ya kushindilia tena. Akikosea kipimo, mzinga hupasuka, na wa kwanza kufa ni yeye. Mwaka 1453 Sultani Mehmed II alipouzingira mji wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mzinga wake mkubwa kuliko yote ulikuwa umefuliwa Edirne na Orban, fundi kutoka Hungaria. Baada ya kuuteka mji huo akaweka karakana ya kufulia mizinga kando ya maji. Mtaa huo wa Istanbul unaitwa Tophane hadi leo, nyumba ya mizinga. Kasri la Topkapı nalo limepata jina lake kwenye lango lililokuwa na mizinga. Belgrade, Serbia, nako kuna bonde liitwalo Topčider, ambalo husimuliwa kuwa ni bonde la topçu, kwa vile Waosmani walikuwa na mizinga yao hapo walipouzingira mji huo mwaka 1521.

Waosmani walikuwa wakigawanya majina ya kazi hizi kwa makini. Aliyepiga mzinga ni topçu. Aliyeukokota kwa mikokoteni ni *top arabacı*. Na aliyeshughulika na matufe matupu yaliyojazwa baruti, yanayopasuka yakifika, alikuwa *humbaracı*. Huyu wa mwisho anatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu *humbara* lenye asili ya Kiajemi ndilo lililotufikia sisi likiwa kombora. Humbaracı, kwa maana halisi, ni mtu wa makombora. Maarufu wao kuliko wote alikuwa Mfaransa: Claude Alexandre de Bonneval, ofisa aliyegombana na wakubwa wake Ulaya, akaenda kwa Waosmani, akasilimu, na katika miaka ya 1730 akapewa kazi ya kukijenga upya kikosi cha humbaracı. Alikufa mwaka 1747 akijulikana kama Humbaracı Ahmed Paşa. Kwa Kituruki cha leo *kumbara* ni kibubu cha kuwekea akiba. Ni chombo cha mviringo, kitupu ndani, chenye tundu dogo, ila sasa hujazwa sarafu.

Kuelekea mashariki

Neno topçu lilisafiri na watu wake. Waajemi wakalitamka *tupchi*, na katikati ya Tehran kulikuwa na uwanja mashuhuri wa Tupkhaneh, nyumba ya mizinga tena. Wamisri wakawa na *tobgi*. Lakini njia inayotupeleka kwenye topasi ni ya India.

Mwaka 1526, huko Panipat kaskazini mwa Delhi, Babur aliyeanzisha dola ya Wamughal alipambana na jeshi la Sultani Ibrahim Lodi lililokuwa kubwa mara nyingi kuliko lake. Alishinda, na katika kumbukumbu zake anaeleza jinsi alivyopanga mikokoteni iliyofungwa pamoja kwa mtindo wa Rum, yaani wa Waosmani, huku wapiga bunduki na mizinga wakiwa nyuma yake. Anawataja kwa majina wakuu wa kazi hiyo: Ustad Ali Quli na Mustafa Rumi. Huyo wa pili jina lake linasema alikotoka. Huko Gujarat nako, katika miaka hiyohiyo, masultani waliwapokea mafundi wa mizinga kutoka dola ya Osmani, na cheo cha Rumi Khan kikawa kinawaendea watu wa aina hiyo. Mtu aliyejua mizinga alikuwa bidhaa ya thamani kuanzia Istanbul hadi Dakani, kusini mwa India, na alihama na msamiati wake. Kihindi na Kiurdu vikapokea *top* kwa mzinga, *topkhana* kwa kikosi au ghala la mizinga, na *topchi* kwa anayeipiga.

Hata hivyo topchi hakuwa peke yake. India iliongeza jina lake yenyewe, *golandaz*: *gola* ni tufe kwa Kihindi, na *andaz* ni kurusha kwa Kiajemi. Ni jina linaloeleza kazi bila mbwembwe, na Waingereza walilitumia kwa wapiga mizinga wazawa katika jeshi la Bengal. Kulikuwa pia na mizinga midogo iliyofungwa juu ya tandiko la ngamia, ikiitwa *zamburak*, kutokana na neno la Kiajemi la nyigu. Ngamia alipigishwa magoti, mzinga ukafyatuliwa, akainuliwa, safari ikaendelea. Sijui ngamia walilionaje jambo hilo.

Halafu kuna laskari. Kiajemi *lashkar* ni jeshi. Wapo wanaisimu wanaolihusisha na *askar* ya Kiarabu iliyotupa askari. Wareno walilichukua, Waingereza wakalipokea kwao, na likagawanyika njia mbili: baharini likawa jina la baharia wa Kiasia, na nchi kavu likawa jina la daraja la chini la watu wa mizinga, wale wanaokokota, wanaobeba matufe na kusafisha mtutu. Huko Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Hong Kong, Waingereza waliendelea kuwa na vikosi vya laskari wa mizinga hadi ndani ya karne ya 19. Tuukumbuke mgawanyiko huu wa neno moja kati ya sitaha na ngome, kwa sababu topasi alipita hapohapo.

Topasi walikuwa nani

Wareno walifika Calicut mwaka 1498. Katika vizazi vilivyofuata kulitokea, kando ya kila bandari yao, jamii ya watu waliozaliwa na baba Mreno na mama Mhindi, pamoja na waongofu na watumwa walioachwa huru na kupewa majina ya Kireno. Walizungumza Kireno cha bandarini na lugha za wenyeji, walikuwa Wakatoliki, na wengi walikula mkate wao kwa silaha. Hao ndio walioitwa topasi. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipopata Bombay mwaka 1668 iliwaajiri katika ngome zake, kama ilivyofanya pia Madras, na mizinga ilikuwa sehemu ya kazi za ngome.

Si kwamba walikuwa wadogo kila mahali. Katika visiwa vya Solor, Flores na Timor, kusini-mashariki mwa Asia, topasi walikuwa wababe. Koo zao mbili kuu, da Costa na Hornay, zilitawala sehemu kubwa ya Timor katika karne ya 17 na 18, zikiwasumbua Waholanzi na magavana wa Ureno kwa kiwango sawasawa. Mwaka 1749 kiongozi wao Gaspar da Costa aliongoza jeshi kubwa dhidi ya Waholanzi huko Penfui, karibu na Kupang, akashindwa na kuuawa. Topasi wa namna hii hafanani hata kidogo na yule wa kwenye kamusi zetu.

Sasa, kwa nini waliitwa hivyo? Kuna majibu matatu, na kila moja lina watu wake.

La kwanza ni topchi. Henry Yule na A. C. Burnell, katika kamusi yao ya maneno ya Kiingereza cha India iliyotoka mwaka 1886, wanasema inawezekana jina hilo ni topchi lililoharibika matamshi. Hoja yao ni kwamba walioitwa topasi kwa kawaida walikuwa askari, na wanaongeza kwamba Waitaliano walikuwa wakimfulia mizinga mtawala wa Calicut tangu mwanzoni mwa karne ya 16. Hili la Waitaliano naliona ni egemeo dhaifu. Kuwepo kwa mafundi wawili au watatu wa Kizungu hakutoshi kuipa jina jamii nzima iliyotawanyika kutoka Gujarat hadi Timor.

La pili ni kofia. *Topi* ni kofia kwa Kihindi, na Robert Orme, mwanahistoria Mwingereza wa karne ya 18, aliandika wazi kwamba watu hawa waliitwa topasi kwa sababu walivaa kofia. Kofia ya Kizungu kweli ilikuwa alama yao kubwa. Ilikuwa ndiyo hati ya kudai Ureno. Tatizo ni mwisho wa neno. Mwenye kofia kwa Kihindi ni *topiwala*, na Wazungu wote waliitwa hivyo. Hiyo *-si* ya mwisho kwenye topasi haitokani na kofia kwa kanuni yoyote ninayoijua.

La tatu ni mkalimani. Kisanskriti *dvi* ni mbili na *bhasha* ni lugha, na Kihindi kikapata *dobhashi*, mtu wa lugha mbili. Katika Kitamili na Kimalayalamu, lugha za pwani ya kusini ambako Wareno walianzia, neno hili likatamkwa kitu kama *tuppasi*. Watu wa lugha mbili walikuwa nguzo ya biashara ya pwani ile. Huko Pondicherry, koloni la Wafaransa kusini mwa India, Ananda Ranga Pillai, aliyekufa mwaka 1761, alikuwa dalali na mkalimani mkuu wa gavana Mfaransa Dupleix, na shajara aliyoiandika kwa Kitamili ni hazina ya historia. Cheo chake Waingereza wangekiita *dubash*, ambalo ni neno hilohilo.

Ukitazama sauti peke yake, mkalimani anashinda. Tuppasi hadi topaz ni hatua fupi, na mtoto wa baba Mreno na mama Mmalayali ni mtu wa lugha mbili tangu kitandani. Wanaompendelea topchi wana jibu pia: mwandiko wa Kitamili una herufi moja kwa sauti za *ch* na *s*, na lugha hiyo haipendi konsonanti mbili tofauti zigongane, kwa hiyo topchi ikiingia huko inaweza kabisa kutoka ikiwa toppasi. Inawezekana. Lakini kwenye pwani hiyo ambako Waturuki walikuwa wachache na wakalimani walikuwa kila gati, mimi siwezi kumtoa mkalimani kwenye nafasi ya kwanza.

Ila neno haliishi kwa asili yake tu. Lilipofika kwa watu waliozungumza Kihindi na Kiajemi, ambao topchi lilikuwa neno lao la kila siku, nao wakamwona topasi juu ya ngome ameshika utambi wa kuwashia mzinga, wangelisikiaje jina lake? Wangesikia *top*. Mwingereza aliyeiona ile kofia alisikia *topi*, na tunao ushahidi wa Orme kwamba ndivyo ilivyokuwa. Neno moja lilisikiwa kwa masikio matatu, na kila sikio lilipata sababu mbele yake ya kuamini. Ndiyo maana nasema mpiga mizinga ni kweli nusu: huenda hakulizaa jina la topasi, lakini mizinga ilikuwa mojawapo ya kazi zilizolishikilia jina hilo kwenye jeshi kwa muda mrefu kiasi cha kusahaulika kwamba lilikuwa la mkalimani.

Kutoka kwenye ngome hadi kwenye ndoo

Katikati ya karne ya 18 kampuni za Kizungu zilianza kuunda vikosi vikubwa vya sepoi, askari wazawa waliofunzwa na kuvalishwa Kizungu. Walikuwa wengi na wa bei nafuu, na topasi wa ngomeni akapoteza soko lake. Mizinga nayo ikapita mikononi mwa vikosi rasmi vyenye maofisa wa Kizungu juu, na golandaz na laskari chini. Jina la topasi likabaki halina kazi.

Lilipata nyingine baharini. Kwenye meli kubwa zilizoendeshwa na mabaharia wa India, kusafisha vyoo lilikuwa suala zito la tabaka na dini. Mhindu mwenye tabaka asingegusa, na Waislamu waliofanya kazi ya sitaha nao walikataa. Kazi ikawaangukia Wakristo wa bandarini wa hali ya chini na watu wa matabaka yaliyodharauliwa, na jina la Mkristo wa bandarini lilikuwa topasi. Nadhani hapo hakuna fumbo kubwa. Jina la jamii likawa jina la kazi waliyoachiwa, na kizazi kimoja baadaye hakuna aliyejali kama mwenye ndoo ni Mkristo, Mreno au nani.

Tazama majina ya wengine aliokuwa nao melini. Baharia wa kawaida ni laskari, neno la jeshi. Msimamizi wao ni *serang*, kutoka Kiajemi *sarhang*, mkuu wa kikosi. Iran ya leo bado inalitumia kwa cheo cha kanali, na Kiswahili kililipokea kama serahangi. Mwenye ufagio ni topasi. Jeshi zima lilikuwa limeshuka baharini na vyeo vyake, na kila mmoja akapewa kazi isiyo ya vita. Jeshi la wanamaji la India liliendelea kuwaita topass mabaharia wake wa usafi hadi miaka ya karibuni, kabla ya kuwatafutia jina lenye heshima zaidi.

Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuleta meli za barua Zanzibar, na kwa miongo mingi meli zake ziliunganisha Bombay na pwani yetu. Pamoja na abiria, vitambaa na mchele, zilileta msamiati wa kazi: dobi alikuja kwa njia ya Wahindi, na topasi vilevile. Manispaa za kikoloni zilipohitaji jina la kumwita mtu wa kuondoa ndoo za choo, jina lilikuwa limeshateremka gatini likiwa na harufu yake. Hakuna aliyelileta na habari za Penfui wala za ngome ya Bombay.

Na kabla sijalisahau: jiwe la thamani liitwalo topazi halihusiki kabisa. Hilo lina asili ya Kigiriki.

Basi mpiga mizinga wetu ni nani?

Swali linalobaki ni kwa nini Kiswahili, kilichopokea baruti, risasi na bunduki kupitia Kiarabu, bastola kupitia Kireno, na kombora lenye asili ya Kiajemi, hakikumkopa mtu wa kuviendesha. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na humo mkuu wa wapiga mizinga alikuwa na cheo chake, *condestável*. Waomani waliizingira ngome hiyo kuanzia 1696 hadi 1698 na kuitwaa. Mizinga ikaendelea kulia pwani chini ya bendera moja baada ya nyingine, hadi ile asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ambapo manowari za Uingereza zililiangusha kasri la Zanzibar kwa chini ya saa moja. Karne tatu za mizinga, na hakuna condestável, topchi wala golandaz aliyebaki mdomoni mwetu.

Sababu ninayoiona ni kwamba hatukuhitaji. Wapwani walipouona mtutu mnene wa shaba, mrefu, mtupu ndani, tayari walikuwa na kitu cha umbo hilo: gogo lililochongwa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Wakauita mzinga. Kitenzi nacho kilikuwepo, kwa sababu Kiswahili hupiga karibu kila kitu, kuanzia simu hadi pasi. Mpiga mzinga akapatikana bila kuomba kwa jirani. Mwajemi aliona nyigu kwenye mzinga wa ngamia na Mswahili akaona nyumba ya nyuki, na sidhani kama mmoja alimsikia mwenzake.

Waingereza walipounda vikosi vya mizinga vya Afrika Mashariki walileta vyeo vyao. Askari wa kawaida wa mizinga kwao huitwa *gunner*, na mwenye cheo sawa na koplo ni *bombardier*, linalotokana na bombarda, mzinga wa kizamani wa kurusha mawe. Hilo la kwanza lina hadithi yake: *gun* huaminika kutoka kwenye jina la mwanamke, kwani orodha ya silaha za ngome ya Windsor ya mwaka 1330 inataja mtambo mkubwa wa kurushia uliopewa jina Bibi Gunilda. Vijana wengi kutoka nchi zetu walivaa vyeo hivyo. Februari 1944 kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki kilipanda meli Khedive Ismail huko Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12 manowari ya Kijapani ya chini ya maji iliipiga meli hiyo karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki ndio waliokuwa wengi kuliko kundi lingine lolote.

Leo ukiandika kwa Kiswahili una chaguo la kutosha. Askari wa mizinga ni jina la jumla, linalomchukua anayelenga, anayeshindilia na anayepiga hesabu za umbali. Mpiga mizinga hufaa zaidi kwa yule aliye kwenye silaha yenyewe, na kwa wanaopiga mizinga 21 ya heshima rais anapopokewa. Mrusha makombora ni mwingine, hata kama habari za redioni huwachanganya: kombora hujipasua au hujisukuma lenyewe, na humbaracı asingekubali kuitwa topçu. Kuhusu mpiga mzinga kwa umoja, mwandishi ajihadhari kidogo na wasomaji wake. Kenya mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Tanzania, kwenye lugha ya vijana, kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela, na mwenye sifa ya kupiga mizinga ni yule ambaye ukiona jina lake kwenye simu unaiacha iite.